Uzoefu Wetu wa Programu Huria katika Ofisi Ndogo

(Mada iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili, Bagamoyo)



Tumeombwa tueleze jinsi tunavyoendesha mtandao wa kompyuta za ofisi yetu bila kulipia leseni. Tutaeleza, pamoja na pale tulipojikwaa, maana fedha zilizohusika ni zenu.

Ofisi yetu ina kompyuta saba. Zamani kila mtu alitunza mafaili kwenye mashine yake, na kazi tulipeana kwa flashi. Siku moja flashi ilipelekwa stendi kuchapisha barua, ikarudi na virusi, na kwa siku nne mafaili ya mhasibu hayakuonekana. Tena, tuseme ukweli, baadhi ya programu tulizotumia zilikuwa za kunakiliwa tu, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu. Sisi tunaowadai ninyi stakabadhi ya kila shilingi tulikuwa tumekalia mali isiyo yetu.

Ndipo tukageukia programu huria. Huria si sawa na bure. Maana yake ni kwamba mtumiaji anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu maandishi ya ndani ya programu yalikuwa wazi kwa yeyote. Leo tunatumia LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010.

Kompyuta moja ya zamani tuliifanya seva, tukaiwekea Linux na programu iitwayo Samba. Samba inaiwezesha seva kutunza mafaili ya kompyuta zote, hata zile za Windows. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina na paswedi yake. Mhasibu anaona hesabu, wa mapokezi haoni. Usiku nakala ya akiba inaandikwa kwenye diski nyingine. Umeme ukikatika, betri inaipa seva nafasi ya kujizima taratibu. (Chumvi ya bahari tunapambana nayo kwa kitambaa, hiyo haina programu.) Leseni zote hizo: shilingi 0.

Kijana aliyetufungia mitambo hiyo tulimlipa posho tu. Alipopata kazi Dar es Salaam aliondoka na paswedi ya seva kichwani, na hatukumlaumu. Mambo yakaendelea vizuri, au tulidhani hivyo, hadi asubuhi moja faili la hesabu za mradi wa visima lilipogoma kufunguka. Fundi tuliyemwita alibadilisha paswedi bila shida kubwa, kwa kuwa mashine ilikuwa mbele yake. Lakini alikuta diski imejaa, faili limeandikwa nusu, na nakala ya akiba imesimama wiki sita. Mhasibu aliandika upya stakabadhi za wiki sita, moja moja. Taarifa ya robo mwaka ilichelewa, na awamu ya fedha za visima nayo ikachelewa.

Sasa paswedi imo ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sefu. Wafanyakazi wawili wamefundishwa. Programu nyingine huria, Zabbix, inatuma ujumbe diski inapokaribia kujaa. Na kila mwezi tunachukua faili moja kutoka nakala ya akiba na kulifungua, tuone kama kweli linafunguka.

Ndugu wafadhili, bajeti zenu huwa na kifungu cha kununua kompyuta. Cha kumfundisha na kumlipa mtu wa kuitunza hatujakiona. Tunaomba tulichookoa kwenye leseni kiruhusiwe kwenda huko.

Kwa sharika: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazipokei Windows 11. Msizitupe. Zileteni ofisini pamoja na watu wawili kutoka kila usharika, si mmoja, tuwafundishe kuziwekea Linux. Flashi zenu pia mje nazo. Tutaanza kwa kuzikagua virusi.