Uchovu Si Mazoezi



Pale njia panda ya Niania, nchini Kongo, zinapokutana barabara za Kisangani, Mambasa na Isiro, mtazame mwendesha pikipiki anaposhuka. Vumbi limemjaa hadi kwenye kope, kiuno amekishika kwa mikono miwili. Mtajie mazoezi uone atakavyocheka: "Mazoezi gani tena, kaka? Tangu alfajiri niko kazini!"

Kazini, ndiyo. Lakini miguu imekaa siku nzima, na moyo haukupata kazi ya maana. Aliyechoka ni mgongo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa gari moja, njia moja. Dereva alikaa, kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukata tikiti. Waliougua moyo zaidi ni madereva.

Huku kwetu Afrika, Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, huwinda na kuchimba mizizi, na kila siku miili yao huhangaika kwa zaidi ya saa nzima. Watafiti waliowapima waliandika mwaka 2017 kwamba wenye presha ni wachache, hata miongoni mwa wazee.

Basi, kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za mwendo wa wastani, au 75 za mwendo mkali. Kipimo unacho mwenyewe: katika mwendo wa wastani unaweza kuzungumza, ila kuimba huwezi. Katika mwendo mkali, maneno mawili matatu tu, unatafuta pumzi.

Aliyezoea kukaa asikurupuke Jumapili kufukuzana na vijana uwanjani. Aanze kwa kutembea, aongeze kidogo kidogo. Faida kubwa humwendea hasa yule aliyekuwa hafanyi lolote. Kifua kikibana, simama, uende kituo cha afya.

Ndugu zangu wa pikipiki, mnapongoja abiria msijilaze juu ya kiti. Tembeeni haraka nusu saa, siku tano kwa wiki: dakika 150 zimetimia, bila kununua hata tone la mafuta.

Hayo ndiyo maoni yangu.