Foteyi ya zamani: tuiandikie bei gani?

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano mkuu wa wanachama)



Mwezi uliopita mama mmoja wa shirika letu alileta foteyi ya marehemu babu yake kuiweka rehani, apate mkopo wa mabati. Tangu avuke ziwa kutoka Kigoma, nusu ya nyumba yake iko bila paa. Miaka yote ya ukimbizi foteyi ilibaki kwa jirani. Kitambaa kilipasuka, mguu mmoja unatikisika. Sisi wa kamati tuliangalia mara moja, tukasema: dola 20. Mama alinyamaza kidogo, kisha akatuambia: "Munatazama kitambaa tu. Muipindue kwanza."

Tukaipindua. Kumbe kiti cha zamani kinasomwa chini, hapana juu.

Kwanza, maungo. Ulimi wa mbao umeingia katika tundu lake na kufungwa kwa kijiti cha mti, bila msumari. Ukipitisha vidole chini ya mbao, unasikia mawimbi madogo ya randa ya mkono.

Pili, visi. Zote ziko na mfereji mmoja kichwani. Visi za msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930. Tungezikuta, tungejua kiti ni cha nyuma ya hapo ao kilitengenezwa upya. Lakini visi za mfereji zinatengenezwa hata leo, kwa hiyo peke yake si ushahidi.

Tatu, tumbo la kiti. Sponji za kisasa ziliingia katika viti zaidi kisha vita ya pili ya dunia. Hapa tulikuta resori zilizofungwa kwa kamba, na juu yake manyoya na nyasi kavu. Pembeni mwa misumari midogo kuna matundu mengine matupu: ina maana kitambaa hiki si cha kwanza.

Tukauliza pia: kiti ni cha nani? Katika nchi yenye watu walikimbia, mwenye kukalia kiti si lazima awe mwenyewe. Jirani alikuja kushuhudia mbele ya kamati kwamba babu, fundi wa mbao, alikitengeneza kwa mikono yake. Mbao yenyewe ni ya miti ya huku kwetu. Hata hivyo hatukuandika neno "antika". Kwa kawaida ya forodha, kitu kinahesabiwa antika kikipita miaka 100, na sisi hatuna hakika ya mwaka wake.

Sasa, bei. Foteyi moja iko na bei tatu: bei ya kutengenezesha nyingine kama hiyo, bei ya mtu wa mbali anayekusanya vitu vya zamani, na bei ya soko letu. Mwenye duka wa mbali ataondoa kwanza usafiri, matengenezo na faida yake. Na sisi, mkopo usiporudi, tutauza wapi? Hapa hapa. Tuliuliza mafundi watatu wa soko: mmoja alisema dola 60, wawili 70. Tukaandika 60. Tukiandika kidogo, tunamwonea mama. Tukiandika mingi, tunachezea akiba ya wanachama wote.

Tuliongeza masharti mawili. Foteyi haitauzwa bila mama kuwa mbele. Na ikiuzwa zaidi ya deni, kinachobaki ni chake.

Mkopo haukutosha mabati yote aliyoomba. Alipata sita, na yamefunika chumba cha watoto. Tunawaambia wafadhili wetu wazi: hapo ndipo mfuko wetu unafika kwa sasa.

Kwa wanachama wenye vitu vya wazee nyumbani: musipige msasa, musipake vernisi mpya, musitupe kitambaa cha zamani mbele ya kuonyesha mtu anayejua. Rangi ile ya miaka ikiondoka, hairudi. Mupige picha juu na chini. Muandike maneno ya mzee angali hai: nani alitengeneza, wapi, kwa ajili ya nani. Mchuuzi akifika na haraka, mumwambie arudi kesho.

Mama ameisha kulipa sehemu mbili za deni. Anasema foteyi itarudi nyumbani mbele ya mvua.