Unayekunywa prednisoloni, sema mapema

(Mazungumzo na wagonjwa na jamaa zao, mbele ya zahanati)

Leo nasema hasa nawe unayekunywa prednisoloni kwa ajili ya viungo vinavyovimba au ugonjwa wa lupasi. Katika magonjwa hayo kinga ya mwili, ambayo ni kama mlinzi wa usiku, humgeukia mwenye nyumba na kumpiga. Prednisoloni humtuliza mlinzi huyo. Maumivu hupungua, ukaweza tena kwenda kuteka maji. Lakini mlinzi aliyetulizwa hafukuzi wezi vizuri.

Na mwizi huenda yumo ndani tayari. Karibu robo ya watu duniani wameambukizwa vijidudu vya kifua kikuu. Wengi wao hawataugua kamwe, kwa kuwa kinga imevifungia. Ukinywa miligramu 15 au zaidi kila siku kwa mwezi na zaidi, vinaweza kuamka.

Kwa hiyo mwambie tabibu kama uliwahi kuishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu, hata kama ilikuwa kwenu kabla ya kukimbia. Usione haya. Sindano ya kupimia ngozini inaweza kusema huna kitu nawe unacho, kwa sababu ya hiyo prednisoloni. Ndiyo maana tunahitaji maneno yako. Ipo dawa ya kuviua vijidudu vilivyolala: isoniazidi, kila siku kwa miezi 6.

Ukikohoa wiki 2, ukikonda, ukitoka jasho usiku au tezi za shingo zikivimba, njoo. Prednisoloni huweza kuficha homa, basi usingoje homa kali wala kutema damu.

Wapo watakaosikia haya wakatupe vidonge. Msifanye hivyo! Aliyevinywa wiki nyingi akiacha ghafla anaweza kuzimia, hata kufa. Tena, ukianza dawa za kifua kikuu, rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni, na tabibu huenda akaongeza kipimo. Hawezi kujua usipomwonyesha kadi zote mbili.

Na wewe unayenunua vidonge vya kunenepesha sokoni? Mara nyingi ni deksamethasoni, ndugu yake prednisoloni. Jina lako halimo katika kadi yoyote. Njoo na pakiti yake, hatutakugombeza.