Palipokuwa Soko la Watumwa
(Maneno ya katekista mmoja mbele ya Wakristo na walimu, siku ya Jubilei)



Leo twamshukuru Mungu, lakini shukrani isiyokumbuka machozi haijatimia. Basi na tulitazame neno hili gumu: yawezekanaje wema kutoka katika ubaya?

Mungu hakuumba ubaya. Ubaya ni hiari ya mtu iliyopotoka. Ndugu zake Yusufu walimwuza kwa wivu, na kwa mkono wa Yusufu Mungu akawaokoa wengi na njaa. Hata hivyo dhambi yao haikugeuka kuwa wema. Dhambi ilikuwa yao. Wema ulikuwa wa Mungu.

Tunao mfano wa karibu. Huko Mkunazini, Unguja, watu wa bara waliuzwa sokoni kama mbuzi. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, soko likafungwa. Siku ya Noeli mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo, na Noeli ya 1879 ibada ya kwanza ikafanywa humo, siku za Askofu Edward Steere. Naye Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa mtumwa utotoni, akawekwa huru, akasomeshwa, na mwaka 1890 akapewa upadre. Akafanya kazi Chitangali, kati ya Wayao wenzake. Aliyetolewa bara kwa nguvu alirudi bara na Injili.

Je, tuseme biashara ile ilikuwa njema kwa kuwa mwisho wake ni kanisa? Hasha! Wale waliokufa njiani hawakufa ili sisi tupate jengo. Kanisa lile si malipo ya damu yao. Ni ushuhuda kwamba ubaya haukupewa neno la mwisho. Ndivyo ilivyo na Msalaba: waliomsulibisha Bwana walitenda uovu, naye Baba akamfufua.

Enyi walimu, mtoto akifiwa na mama yake, msimwambie upesi kwamba ni heri kwake. Kaeni naye kwanza, mwoneni kama amekula, mlipieni daftari lake. Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Lakini mara nyingi faraja huja kwa miguu ya mtu aliyekubali kutumwa.

Basi kila mmoja ajiulize: katika mtaa wangu, ni wapi palipo soko la machozi, nami nitaweka jiwe gani hapo?

Mungu atupe neema. Amina.