Wanaobaki Mochari

Tarehe 21 Aprili 2023, makachero walianza kufukua makaburi ya kina kifupi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Siku chache baadaye kazi ilisimama. Makaburi yalikuwa bado tele, ila mochari ya hospitali ya Malindi haikuwa na nafasi tena. Makontena ya baridi yakaletwa. Mwanzoni mwa Mei upasuaji wa maiti ukaanza, na kabla mwaka haujaisha idadi ya waliofukuliwa ilikuwa imepita 400, wakiwamo watoto wengi. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya jamaa zao mwishoni mwa Machi 2024, baada ya majibu ya vinasaba. Kisha mwaka 2025, huko huko Kilifi, Kwa Binzaro, zikafukuliwa maiti nyingine zaidi ya 30, nazo zikapelekwa Malindi.

Jina la mhubiri ambaye marehemu hao walikuwa wafuasi wake lilijulikana hadi ng'ambo. Mwanapatholojia mkuu wa serikali alisimama mbele ya vipaza sauti na kusoma hesabu. Msalaba Mwekundu uliweka dawati hospitalini la kuwatafuta waliopotea na kuwapa jamaa ushauri nasaha, na dawati hilo lilikuwa jambo la maana sana. Lakini ndugu wa marehemu wakishalia wakaondoka, kuna watu waliobaki na funguo za makontena. Asubuhi waliyafungua, jioni wakayafunga, karibu mwaka mzima. Hao ndio wanaozungumziwa katika maoni haya.

Mhudumu wa mochari hupokea mwili na kuuandikisha, huufunga kitambulisho, huuosha, huutia dawa, humsaidia daktari wakati wa kupasua, kisha hushona. Wengi wetu tukiiwazia kazi hiyo tunaona damu na harufu. Waliozoea watakwambia kwamba hayo mwili huyazoea. Kizito ni mtu aliyekuja kumtambua jamaa yake. Kabla ya kuwaita ndugu, mhudumu mwenye utu humfumba marehemu macho, humfunga taya, humfuta mdomo, na hukifunika kifua kilichoshonwa ili uonekane uso tu. Halafu huvuta trei na kusimama kando. Mama akianguka, yeye ndiye wa kumdaka. Mama akinyanyuka na kuuliza kama mwanawe aliteseka, swali hilo linamwelekea yeye, mtu ambaye hakufundishwa wapi pa kuanzia jibu. Na ukumbini wapo wengine wanasubiri zamu yao.

Aprili 2015, magaidi walipowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, miili ilisafirishwa hadi Nairobi na kuhifadhiwa katika mochari ya Chiromo. Wazazi walikusanyika uwanja wa Nyayo, wakawa wanapelekwa kwa mabasi kuwatambua watoto wao. Waliofungua milango ya Chiromo siku zile huenda nao walikuwa wazazi, hata wa watoto wa umri uleule.

Madhara ya kazi hii yamefanyiwa utafiti, na utafiti mmoja unahusu msiba unaofanana kwa namna ya kusikitisha na yaliyotukia Shakahola. Novemba 1978, wafuasi zaidi ya 900 wa mhubiri Jim Jones walikufa Jonestown, nchini Guyana. Miili yao ilipelekwa kwa ndege hadi kambi ya Dover, Marekani, ikashughulikiwa na wanajeshi. Daktari wa akili wa jeshi la anga, David Jones, baadaye aliwauliza wanajeshi hao hali zao, na mwaka 1985 akachapisha alichokipata: walioathirika zaidi walikuwa vijana wa chini ya miaka 25, wenye vyeo vya chini, na wale waliokaa na miili kwa muda mrefu zaidi. Hebu tazama mochari zetu. Nani hutumwa kubeba? Kibarua kijana, asiye na cheo, anayelipwa kwa siku.

Watafiti wengine wa jeshi la Marekani, wakiwamo James McCarroll na Robert Ursano, waliendelea kuwahoji watu waliofanya kazi Dover. Wenye uzoefu waliwaonya wageni wasimtazame marehemu usoni kwa muda mrefu, na wasikae wakipekuapekua vitu vyake: barua, picha, pete. Pale maiti inapopata jina na mama yake, ndipo mlinzi wa moyo anapoanguka. Mjini Orlando mwaka 2016, baada ya watu 49 kuuawa kwa risasi katika klabu ya usiku, waokoaji walisimulia jinsi simu zilivyokuwa zikilia mifukoni mwa waliolala sakafuni.

Sasa turudi pwani kwetu, maana hapa pana mila yenye nguvu ambayo haijatumika ipasavyo. Kwa Waislamu, kumwosha maiti ni faradhi ya kutosheleza. Wakiifanya baadhi, wengine wamesamehewa. Mwosha huheshimiwa mtaani. Huitwa usiku akaja, na hafanyi kazi peke yake. Huwa na wenzake wa kumimina maji, kugeuza na kukunja kafani. Maziko hufanyika upesi, mara nyingi siku ileile, na mwosha akatoka pale akaswali pamoja na watu. Linganisha na mhudumu wa mochari, ambaye majirani huepuka kumpa mkono, na mchumba akisikia kazi yake anatafuta njia ya kutokea. Mmoja anazungukwa na watu, mwingine anatengwa, ilhali mikono ya wote wawili imefanya jambo lilelile.

Hata hivyo, mwosha naye ana mzigo wake. Adabu ya kuosha inamtaka aliyeona dosari kwenye mwili wa marehemu aisitiri, asiitaje popote. Ni adabu njema na haifai kuguswa. Tatizo ni pale sitara ya maiti inapogeuka kuwa kifungo cha mwosha, akadhani kwamba hata moyo wake haruhusiwi kuufungua. Mwanamke aliyeosha watoto watatu wa nyumba moja iliyoungua anaweza kumweleza mtu kuwa halali, kuwa chakula hakimpiti kooni, kuwa mikono inamtetemeka akisikia maji ya kata, pasipo kutaja kovu hata moja la marehemu. Maimamu ndio wenye uwezo wa kulisema hili kwa uzito, na hotuba moja ya Ijumaa ingewafikia waosha wengi kuliko warsha yoyote.

Kwa wahudumu wa mochari, jibu lililozoeleka ni chupa. Utasikia hata watu wenye elimu zao wakisema kazi ile haifanyiki bila kulewa kwanza, na wanasema kwa kicheko. Mwalimu au nesi angelazimika kulewa ndipo aingie kazini, tungeita mkutano wa dharura.

Jibu la pili, la waungwana zaidi, ni semina. Msiba mkubwa unatokea, mnasihi analetwa, watu wanakalishwa kwenye duara na kutakiwa kusimulia walichokiona, chai inanyweka, imekwisha. Shirika la Afya Duniani lilishashauri kwamba kikao cha namna hiyo cha kuwasimulisha watu mara moja tu baada ya tukio la kutisha kisitumike kama kinga ya kiwewe. Mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unaanzia kwingine: mpangilio wa kazi yenyewe, na wasimamizi waliofundishwa kumtambua mfanyakazi anayezama.

Hapo ndipo penye kazi, na wala haihitaji jengo jipya. Mtu asipangwe mwezi mzima kwenye chumba cha watoto. Anayeshughulikia miili asiwe yeye yule anayeorodhesha simu na pete. Kijana mpya asiachwe peke yake zamu ya usiku. Siku ya kutambua miili mingi, awepo mnasihi wa kukaa na ndugu ili mhudumu asibebe vilio vyote. Na awepo mtu wa nje ya mochari ambaye mhudumu anaweza kumwendea kila mwezi bila kuandikwa kwenye faili kuwa ni dhaifu.

Sheria pia ipo. Shirika la Kazi Duniani liliuingiza ugonjwa wa kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010. Kenya ina sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mhudumu aliyejikata kwa kisu cha upasuaji anajua fomu ya kujaza. Aliyepoteza usingizi anastahili fomu hiyohiyo, na mwajiri anapaswa kumwambia hivyo siku anayoajiriwa.

Lakini ushauri nasaha haulipi kodi ya nyumba. Novemba 2014, wakati wa Ebola, wazikaji wa mjini Kenema, Sierra Leone, walizitoa maiti na kuziacha nje ya hospitali kwa sababu marupurupu yao ya hatari yalikuwa hayajalipwa. Dunia ilishtuka, na wazikaji wakafukuzwa kazi. Walichokifanya kilikuwa kibaya. Waliowacheleweshea malipo walifanya nini? Kwetu, bajeti za afya za kaunti zinapopelekwa mbele ya wananchi kutolewa maoni, wanaoishi karibu na hospitali waulize waziwazi: wahudumu wa mochari ni wangapi, wangapi ni vibarua, marupurupu yao yamelipwa hadi mwezi gani, na mnasihi wao ni nani.