Jinsi Vijana wa Ulaya ya Kale Walivyofunzwa Uaskari wa Farasi

Bila shaka wengi wenu mmepata kuona picha ya askari wa Ulaya ya kale, amevaa chuma toka kichwani hata miguuni, ameketi juu ya farasi mkubwa na mkuki mkononi. Mtu wa namna hiyo alikuwa na heshima kuu. Lakini kuzaliwa katika nyumba bora hakukumtosha kuipata. Alipaswa kwanza kutumika miaka mingi.

Katika nchi za Uingereza na Ufaransa, miaka 800 iliyopita, desturi ilikuwa hivi. Mtoto wa kiume alikaa na mama yake mpaka umri wa miaka 7 hivi. Kisha alipelekwa kulelewa katika ngome ya bwana mwingine. Huko aliandaa meza, akawanawisha wageni mikono, akapeleka salamu, tena akajifunza kupanda farasi. Bibi wa nyumba alimfunza adabu, na padre alimfunza sala.

Alipofika miaka 14 hivi alifanywa mtumishi wa askari mmoja. Kazi zake nyingi hazikuwa za fahari: kulisha farasi, kusugua kutu ya deraya, kumvika bwana wake silaha. Ndipo alipojizoeza vita. Nguzo ilisimamishwa uwanjani, na juu yake mti uliozunguka, upande mmoja una ngao, upande wa pili una gunia la mchanga. Kijana aliipiga ngao kwa mkuki huku farasi akienda mbio. Akikawia kupita, gunia lilizunguka likampiga mgongoni, naye akalijua kosa lake pasipo kuambiwa.

Kwa kawaida, alipokaribia miaka 21, kijana aliyestahili alifungwa upanga kiunoni, akapigwa pigo moja shingoni au begani. Wengine walikesha kanisani usiku kucha kabla ya siku hiyo.

Mfano mzuri ni William Marshal wa Uingereza, aliyezaliwa karibu na mwaka 1147. Alikuwa mtoto wa kiume wa nne, asiye na urithi. Alipokuwa kijana mdogo alivushwa bahari mpaka Normandy, akalelewa na jamaa yake, bwana wa Tancarville. Alipewa upanga karibu na mwaka 1166. Lakini katika vita yake ya kwanza farasi wake aliuawa, hata akauza joho lake apate kununua farasi mnyonge. Hakubakiwa na mali ila mafunzo yake.

Mafunzo hayo yalimtosha. Aliwatumikia wafalme mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1216 Mfalme John alipokufa, mrithi wake Henry alikuwa mtoto wa miaka 9, na adui wameingia nchini. Wakuu walimchagua William, mzee wa miaka karibu 70, awe mlinzi wa mfalme na nchi. Mwaka 1217 alipanda farasi tena, akawashinda adui pale Lincoln. Alifariki mwaka 1219, na ufalme wa yule mtoto ulikuwa salama.

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.