Maneno kwa Wanachama Juu ya Miti Iliyoanguka



Mitaa ya zamani ya Kitale, mji uliofikiwa na reli mwaka 1926, ina mikaratusi na mijakaranda, miti iliyoletwa kutoka Australia na Amerika ya Kusini. Dhoruba ilipoiangusha mitatu juu ya nyumba za wenzetu, wengi walitaka yote ikatwe, nasi hatuwalaumu. Lakini tulikwenda kutazama mashina. Mizizi ya upande mmoja ilikuwa imekatwa zamani, mtaro ulipochimbwa. Udongo ulipolowa, upepo ukamaliza kazi. Basi twaomba mizizi ichunguzwe kabla ya shoka. Mti uliooza ukatwe. Mzima upunguzwe matawi tu. Mjane mmoja bado analala kwa jirani. Nyumba yake tutaiezeka Jumamosi. Mwenye nyundo aje nayo.